Aproni Iliyogeuzwa

Katika kile kiwanda cha viatu vya shule kulikuwa na msumari mmoja ambao haukuwa na kazi nyingine duniani. Ulipigiliwa kwenye fremu ya mlango wa ofisi ya Bosi, usawa wa kifua cha mtu mzima. Mfanyakazi akiwa na jambo zito la nyumbani, hakuja kujieleza. Alivua aproni yake ya ngozi, akaigeuza ndani nje, akaitundika pale, kisha akarudi mezani kwake kuendelea na kazi. Bosi akipita akaiona, aliitoa, akaigeuza upande wake wa kawaida, akampelekea mwenyewe na kumuuliza, "Kuna nini?" Basi. Hakukuwa na barua wala kusimama mlangoni unasugua viganja kama mtu aliyekuja kukopa.

Aliyeupigilia msumari ule ni fundi mmoja aliyeitwa Gundi. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Zamani, kiwanda kilipokuwa bado ni watu wawili tu katika chumba cha uani nyumbani kwake, alijigandisha mkono wa shati kwenye meza kwa gundi ya soli, akakaa pale pale mpaka mkewe aliporudi kutoka sokoni na kumkatia shati kwa mkasi. Mkewe alicheka siku tatu. Mtaa mzima ukapata habari, na jina likaganda kuliko hata lile shati.

Mtu wa pili katika chumba kile alikuwa Bosi, ambaye wakati huo hakuwa bosi wa mtu. Alikuwa kijana mwenye mtaji kiduchu na mdomo mzito. Gundi ndiye aliyemfundisha kila kitu: kuchagua ngozi kwa kidole, kuivuta juu ya kalibu, ule mguu wa mti, bila kuichana, kushona soli isije ikaachama mvua ya kwanza. Gundi alimwita mdogo wangu. Mke wa Gundi alimwita shem, akimgombeza kwa harufu ya gundi iliyoingia mpaka jikoni, huku anamsogezea kikombe cha chai.

Asubuhi moja kijana yule alikuja kazini, hakusalimia, hakukaa. Alishika aproni yake, akaigeuza ndani nje bila hata kujua anafanya nini, akaitundika mlangoni, akaketi na kuanza kugonga soli ambayo ilikwisha gongwa jana. Gundi aliitazama aproni, akamtazama mwenye aproni. Akaiendea, akaigeuza vizuri, akamwekea magotini. "Mdogo wangu, kuna nini?" Ndipo kijana akalia. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri ile, na hakuwa amepata pa kulianzia neno lenyewe. Gundi alifunga chumba siku hiyo hiyo. Mkewe alikwenda kukaa na dada zake Bosi wiki nzima, akiwachotea maji, akiwalazimisha kula. Tangu hapo, Bosi alipomwita shemeji, hakuwa anamwita kwa adabu tu. Hakuwa na shemeji mwingine hapa duniani.

Kiwanda kilipohamia kwenye jengo lake, kabla hata mashine hazijapangwa, Gundi alichukua nyundo na kupigilia ule msumari. "Hapa ndipo pa kusemea," akasema. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Miaka ishirini na miwili ikapita. Wafanyakazi wakawa kumi na tisa, na Bosi akachoka. Tusimwonee, alichoka kweli. Watu kumi na tisa ni nyumba kumi na tisa, na kila nyumba ina lake: huyu mume amehama na godoro, yule mtoto hasemi na miaka mitatu anayo, mwingine mama mkwe kaja wiki mbili na huu ni mwezi wa saba. Zilikuwapo wiki ambazo msumari haukupumzika. Juu ya hayo, Bosi hakuwa na ulimi wa kukaripia. Mkata ngozi mmoja alichelewa kila siku iliyoumbwa. Bosi alikuwa akiingia chooni kufanya mazoezi ya kumfokea, anatoka amekunja uso, na mwisho anajikuta anamuuliza goti linaendeleaje.

Kisha akaja afisa wa kazi wa serikali kukagua, akaomba daftari la likizo. Bosi alivuta droo, akatoa daftari lililoandikwa "Likizo" ukurasa wa kwanza, na chini yake orodha ndefu ya saizi za viatu. Mikataba ya ajira ilikuwa mitatu, miwili ya watu waliokwisha ondoka. Alipewa siku thelathini ajirekebishe.

Ndivyo Wakala alivyoingia. Ilikuwa kampuni inayofanya kazi za ofisi ya wafanyakazi kwa niaba ya biashara ndogo zisizo na ofisi hiyo: mikataba, likizo, maonyo, kuajiri na kuachisha. Wewe tengeneza viatu vyako, wao wanakutunzia watu. Walimleta binti mmoja mpole, mwenye tableti na subira ya ajabu, ambaye kabla ya saa moja kuisha alikuwa amekwisha bandikwa jina la Dada Fomu. Ninaomba mapema asilaumiwe. Katika hadithi hii yeye ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote.

Alikaa ofisini kwa Bosi saa mbili wakijaza karatasi za makabidhiano. Walipofika ukurasa wa nne akasema, "Bosi, hapa kuna desturi zozote ambazo hazijaandikwa popote? Mfano, watu wanaombaje ruhusa, wanakufikishiaje taarifa?"

Mlango ulikuwa wazi. Juu ya bega la yule binti, Bosi aliuona msumari, mtupu siku hiyo, uking'aa kwa kuguswa miaka mingi. Akaona haya. Utamwambiaje mtu mwenye tableti kwamba sisi hapa tunaongea kwa aproni?

"Hakuna," akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Sisi ni watu wa kawaida tu."

Dada Fomu akaandika: Hakuna. "Na maombi ya mfanyakazi mmoja mmoja, tukupigie simu kila yanapotokea, au tukuletee ripoti moja kwa wiki?"

"Ripoti. Ijumaa. Simu za mtu mmoja mmoja sizitaki, mwanangu. Nimechoka."

Binti akacheka. Wote husema hivyo, akamwambia.

Kesho yake aliwasomea wafanyakazi taratibu mpya uani. Jambo lolote, ugonjwa, dharura, ruhusa, ni kwa kupiga namba ya Wakala. Atakayekosa kazini siku tatu bila ruhusa, ajira yake imekwisha. "Na hakuna upendeleo," akamalizia, "hata kwa mwenye namba moja kwenye rejista." Watu wakapiga kelele, "Namba Moja! Namba Moja!" wakimsukuma Gundi mgongoni. Gundi naye akacheka, akageuka kumtazama mdogo wake waicheke pamoja. Bosi alikuwa anamtazama Dada Fomu, anatikisa kichwa kukubali.

Namba ya simu ikachapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani, kando ya msumari. Msumari wenyewe hakuna aliyekumbuka kuung'oa.

Miezi miwili ya kwanza Bosi alinenepa. Mkata ngozi alipata barua ya onyo, akaanza kufika kabla ya walinzi. Mikataba ikatimia kumi na tisa. Aproni zikakoma. Bosi alikunywa chai yake yote ikiwa moto, jambo ambalo hakumbuki lini alilifanya mara ya mwisho.

Jumatatu moja akafika mlangoni kwake akakuta aproni imetundikwa, ndani nje.

Hakuhitaji kuuliza ya nani. Mfukoni ilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, ulioonekana hata kwa ndani. Shemeji alikishona mwenyewe mwaka uzi mweusi ulipomwishia, akasema atakayecheka ashone chake. Bosi alisimama. Mkono wake ulinyanyuka kabisa. Kisha akaanza kupiga hesabu za mtu aliyezoea raha. Mwezi uliopita Gundi alimwomba kazi kwa ajili ya mpwa wake, naye akamjibu aende kwa Wakala. Bila shaka ni lile lile. Na nikiigusa hii leo, kesho zitakuwa kumi na tisa. Ana namba, atapiga. Akaushusha mkono, akaingia, akafunga mlango.

Jumanne ilikuwa bado ipo. Kupitia kioo cha ofisi alimwona Gundi akifanya kazi bila aproni, shati lake limeanza kushika madoa ya gundi kifuani. Gundi akainua uso. Macho yao yakakutana, na Bosi, jamani, mtu mzima yule, akachukua simu na kuiweka sikioni. Upande wa pili hakukuwa na mtu. Akawa anatikisa kichwa, anasema "ndiyo, ndiyo," mpaka Gundi alipoinama tena.

Jumatano aliingilia mlango wa stoo. Aliruka marobota ya ngozi, akajikwaa kwenye ndoo ya misumari, akatembea kwa vidole ndani ya kiwanda chake mwenyewe kama mwizi wa kuku. Siku nzima hakutokea mbele. Alijitia hamnazo, na kujitia kwenyewe kulimchosha kuliko hizo aproni zote alizowahi kuzigeuza.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ya Gundi ililia mezani. Walioketi karibu naye walimsikia mwanamke akilia simuni, na maneno yenyewe wakayasikia. Kisha Gundi akalaza nyundo taratibu, kana kwamba chini yake kuna mtoto amelala, akatoka. Mshonaji wa mashine ya mbele alikimbilia ofisini bila kubisha hodi.

"Bosi! Shemeji yako amefariki!"

"Shemeji yupi?" akauliza Bosi, yeye ambaye alikuwa na mmoja tu.

Hakumbuki alivyotoka. Anakumbuka yuko kwenye ujia mrefu wa hospitali, harufu ya dawa ya kusugulia sakafu, na jirani yake Gundi, mama mmoja mnene aliyelia mpaka sauti ikamkauka, akimshika mkono na kumweleza. Marehemu alilazwa Jumapili, tumbo. Wakasema apasuliwe Jumatano, na kwamba ni vizuri mtu wake awe karibu. Watoto wako mbali. Basi jirani alikaa naye mchana, na Gundi alikuja mbio saa ya chakula, akarudi kazini, akaja tena jioni.

"Na kila akija, marehemu anamuuliza, 'Umemwambia mdogo wako?' Naye anamjibu, 'Nimemwambia.' Siku zote tatu. Mara ya mwisho jana, kabla hawajamwingiza. 'Umemwambia shem?' 'Nimemwambia, mama.' Akasema, 'Basi atakuja, huyo lazima aje.' Hakuamka tena." Jirani akajifuta kwa ncha ya kanga. "Kwani hukuambiwa, baba?"

"Niliambiwa," akasema Bosi.

Mwisho wa ujia, Gundi alikuwa ameketi kwenye benchi peke yake, mikono katikati ya magoti. Shati lake lilikuwa limekakamaa kifuani kwa gundi ya siku nne. Bosi alipomkaribia ndipo akagundua kwamba yeye mwenyewe ana kitu mkononi. Ilikuwa ile aproni. Aliing'oa msumarini wakati anatoka mbio, na njiani, pasipo kujua, alikwisha igeuza upande wake wa kawaida. Akasimama nayo mbele ya kaka yake. Swali lilikuwa lile lile la siku zote, maneno mawili tu, na sasa hayakuwa na pa kwenda.

Gundi aliipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya kile kiraka, uzi mwekundu, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Ahsante kwa kuniletea, Bosi," akasema.

Miaka yote ile, tangu chumba cha uani, hakuwahi kumwita hivyo. Hakulisema kwa hasira wala kwa kejeli. Lingekuwa tusi, Bosi angelipokea na kushukuru.

Ripoti ya wiki ilikuja Ijumaa saa tisa, kama walivyopatana. Utoro: hakuna. Onyo: hakuna. Maombi: moja. *Mfanyakazi namba 1 alipiga simu Jumanne akiomba ruhusa ya kumwuguza mke. Alielezwa kwamba ruhusa ya namna hiyo hutolewa na mwajiri mwenyewe, na kwamba amwone mwajiri, yuko hapo hapo kazini. Alijibu: "Mimi namwona kila siku. Yeye ndiye hanioni." Ombi linasubiri idhini yako.* Chini yake kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza, moja ya kukubali, nyingine ya kukataa. Bosi alilaza paji la uso kwenye meza, akalia kwa sauti. Washonaji walimsikia, wakazima mashine, kisha wakaziwasha tena kwa sababu ilikuwa afadhali kuliko kumsikiliza.

Baada ya mazishi alimpigia Dada Fomu. Alitaka Gundi apewe miezi mitatu, yenye mshahara kamili, apumzike.

"Utaratibu tuliouweka ni siku tano," akasema binti, sauti yake chini. "Lakini wewe ndiye mwajiri, Bosi. Unaweza kumpa ruhusa yoyote unayotaka."

"Hata bila fomu?"

"Hata kwa mdomo. Siku zote ulikuwa unaweza."

Bosi akamweleza habari ya msumari, yote, tangu mama yake alipofariki.

"Niliuliza, Bosi," binti akasema. Alikuwa analia.

"Uliuliza, mwanangu. Hukukosea kitu."

Gundi hakuitaka miezi mitatu. Alichukua siku zake tano, akaonekana siku ya sita saa moja kasoro, amevaa aproni yake yenye kiraka. Alisalimia kila mtu. Alifanya kazi safi kuliko zamani. Lakini chai ya saa nne, ambayo kwa miaka yote aliinywa ofisini kwa Bosi huku wanabishana juu ya bei ya ngozi, sasa aliinywa mezani kwake. Jino lilipomuuma alipiga namba ya Wakala. Siku aliyochelewa dakika kumi alijaza fomu na kueleza sababu: mvua.

Bosi alimfuata mara nyingi. Mara moja alivuta kigoda akakaa mbele yake, mbele za watu, akasema, "Kaka, nisamehe."

Gundi aliweka kalibu chini ili amsikilize vizuri. "Nilikusamehe siku ile ile, Bosi. Usijitese." Alisema kweli, na uso wake ulionyesha hivyo. Kisha akasubiri kwa heshima, mikono juu ya meza, kama anavyosubiri mfanyakazi yeyote ambaye mwajiri wake hajamaliza kuzungumza naye. Bosi akarudisha kigoda alipokitoa.

Ikafika Jumatatu moja, Bosi aliingia kiwandani kabla ya mtu yeyote. Kwenye droo ya chini kabisa alikuwa anaitunza aproni yake ya kwanza, ile ya chumba cha uani, ngozi imesinyaa na kamba imekatika. Akaigeuza ndani nje. Akaitundika kwenye msumari. Akauacha mlango wazi, akaketi nyuma ya meza yake, mikono magotini, kama mvulana aliyetuma barua ya posa.

Wakaanza kuingia. Mkata ngozi aliiona, akapunguza mwendo, akapita. Washonaji wawili walisimama, wakanong'ona, mmoja akafunika mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyeigusa. Walijua ya nani na walijua inamsubiri nani, wakaketi kwenye meza zao bila kuwasha mashine.

Gundi alikuja wa mwisho. Alisimama mbele ya ile aproni. Bosi alimwona akiitambua. Alimwona akisogeza uso karibu kutazama mshono wa bega, kwani yeye ndiye aliyeushona, miaka ile. Mkono wake ukanyanyuka hadi usawa wa kifua, ukakaa hapo kidogo, ukarudi chini.

Akachungulia ofisini. Macho yake yalikuwa na huruma tele, huruma ya kweli ya mtu mwema kwa mtu mwenye shida.

"Bosi," akasema polepole, "kama una jambo linakusumbua, kuna ile namba hapa ukutani. Wanapokea haraka. Kama huioni vizuri kutoka hapo, mimi naijua kwa kichwa."

Akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, akisimama kila baada ya tatu ili asimwache nyuma. Alipoona Bosi hajashika kitu, alirudia tangu mwanzo. Bosi akachukua kalamu, akaiandika.